Nyekundu Iliyofumuliwa

Mwaka 1856 mchoraji Thomas Wood alimchora askari akishona. Askari huyo, Thomas Walker, ameketi kitandani katika hospitali ya jeshi ya Fort Pitt, mjini Chatham, Uingereza, na mapajani mwake imetandazwa kazi ya vipande vya sufu. Alikuwa amejeruhiwa kichwani katika mapigano ya Inkerman, Novemba 1854, wakati wa Vita vya Crimea, na madaktari walimtoa vipande vya mfupa wa fuvu. Picha imehifadhiwa na Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji, London.

Nimesoma maelezo mengi kuhusu picha hii, na karibu yote yanakwenda njia moja: fuvu, maumivu, uvumilivu, kisha sindano. Sindano inaletwa mwishoni kama dawa. Ameumia, basi anashona ili apone. Anashona sare za wenzake, basi anaomboleza. Hakuna anayesimama kuuliza swali ambalo fundi yeyote wa Kariakoo angeliuliza kabla salamu hazijaisha: hizo rangi umezipangaje?

Nataka kulishikilia swali hilo. Nadai kwamba kazi za mkono zilizoshonwa au kufumwa kwa sufu iliyokwisha kutumika husomwa kama wasifu wa dhiki. Tunamtazama mtengenezaji, tunamhurumia, tunamsifu kwa kutotupa kitu, kisha tunaondoka bila kuitazama kazi. Na kile tunachokiacha nyuma mara nyingi ni rangi, mahali hasa ambapo mtu huyo alifanya uamuzi mmoja baada ya mwingine. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika fasihi, si fundi wala mkemia. Ila nimezoea kuona maandishi yakisomwa hivyo hivyo, na nimechoka.

Kitambaa cha kazi hizi za askari tuna jina lake. Ni joho. Leo ukisema joho, kijana anafikiria mahafali, kofia ya pembe nne na picha za Instagram. Lakini kamusi zetu zinakumbuka kwamba joho ni kitambaa pia: sufu nzito iliyoshindiliwa, ambayo jina lake, lililotufikia kupitia Kiarabu, lilihamia kwenye vazi la kifahari linalovaliwa juu ya kanzu na waungwana wa Pwani na Oman, likiwa na nakshi ya uzi wa dhahabu shingoni. (Majoho yetu ya chuo ni habari nyingine. La kwangu la shahada ya kwanza lilikuwa la kukodi na sidhani kama kondoo yeyote alihusika.)

Joho la sufu hutengenezwa kwa ukatili fulani. Hufumwa kwa upana mkubwa kuliko unaohitajika, kisha huloweshwa, hupigwa na kushindiliwa kwa maji ya moto na sabuni mpaka nyuzi zishikamane na kitambaa kisinyae na kunenepa. Baada ya hapo vinyweleo vya juu husuguliwa visimame, vikakatwa sawasawa. Kitambaa kinachotoka humo hakionyeshi uzi, na kwa mshonaji kina sifa moja ya thamani kuliko zote: ukikikata, hakitoki nyuzi. Huna haja ya upindo. Unaweza kuweka vipande viwili ukingo kwa ukingo, bila kupandanisha, ukaviunganisha kwa nyuma kwa mishono midogo sana inayoshika nusu tu ya unene wa kitambaa. Ukigeuza mbele, huoni uzi. Unaona rangi mbili zimekutana kwenye mstari, kama vigae vya sakafu.

Mifarishi ya askari, yaani yale matandiko makubwa ya vipande vilivyounganishwa, ilishonwa kwa namna hiyo. Kuna iliyo na maelfu ya vipande: pembesita, msambamba, nyota ndani ya nyota. Jaribu kufikiria hesabu yake. Kipande kimoja kikizidi kwa unene wa ukucha, jirani yake hakikai. Vipande kumi vikizidi, kitambaa kinatuna katikati na hakilali tena kitandani. Hii si kazi ya kujiliwaza tu. Ni jiometri, na inafanywa kwa mkasi, subana na macho.

Kwa muda mrefu kazi hizi ziliitwa mifarishi ya Crimea, au ya majeruhi, na picha ya Walker ndiyo iliyokuwa shahidi wao mkuu. Annette Gero, mtafiti wa Australia ambaye mkusanyiko wake ulionyeshwa New York mwaka 2017 katika American Folk Art Museum, ni mmoja wa waliolipinga jina hilo. Hoja ni ya kawaida kabisa, na labda ndiyo maana ilichelewa: mtu aliyelazwa hana mkasi mzito, hana meza, hana gunia la mabaki ya joho la rangi sita. Fundi wa kikosi anavyo vyote. Kila kikosi kilikuwa na mafundi wake wa sare, na fundi anapokata makoti hubakiwa na vipande. Tunajua pia kwamba jeshi la Uingereza, hasa India, liliwahimiza askari washone wakati wa mapumziko ili wasiende kulewa na kucheza kamari. Makumbusho ya Victoria and Albert, London, yana mfarishi unaohusishwa na askari Francis Brayley, aliyekuwa India miaka ya 1860 na 1870. Sisemi kwamba Walker hakushona. Wood alimchora akishona. Nasema kwamba jeraha moja lililochorwa vizuri lilitosha kuwafunika mafundi wengi wasiokuwa na jeraha la kuonyesha. Majeruhi akapata umaarufu, fundi akapotea.

Sasa rangi. Tunaambiwa sare za Waingereza zilikuwa nyekundu, tukadhani nyekundu ni moja. Mpaka miaka ya 1870, askari wa kawaida alivaa koti lililotiwa rangi kwa mizizi ya mmea uitwao madder, nyekundu ya udongo, iliyotulia. Ofisa alivaa nyekundu ya kochinili, kali kama ndani ya tikiti. Kochinili ni wadudu wadogo wanaoishi juu ya mpungate, ambao kwa karne nyingi walifugwa na wakulima wenyeji wa Mexico, hasa Oaxaca. Inakadiriwa kwamba wadudu 70,000 waliokaushwa hufanya ratili moja, chini kidogo ya nusu kilo. Katika koloni la Wahispania ilikuwa miongoni mwa bidhaa ghali zaidi zilizosafirishwa kwenda Ulaya, ikiifuata fedha. Ili rangi ishike kwenye sufu inahitaji chumvi ya madini: shabu, ile ile inayouzwa dukani kwa ajili ya kupaka baada ya kunyoa ndevu, huipa kochinili wekundu wenye kuelekea zambarau, na bati huisukuma mpaka ikawa ile nyekundu ya kuwaka ambayo mabwana wakubwa waliilipia.

Sufu huipokea rangi ya namna hii vizuri kwa sababu ni nywele, ni protini. Rangi inaingia na kukaa. Pamba ina shida zake. Kila mtu aliyelelewa na mama anajua kwamba khanga mpya hufuliwa peke yake mara ya kwanza kwa sababu inachuja. Joho la miaka 150 limepauka kidogo, limeliwa na nondo hapa na pale, lakini nyekundu bado ipo.

Kwa hiyo mshonaji wa mfarishi hakuanza na rangi anazozitaka. Alianza na rangi ambazo watu wengine walikwisha kuzilipia, na kila moja ilikuwa na cheo chake. Nyekundu ya madder ilikuwa tele, kwani mwili mzima wa koti ulikuwa nayo. Njano, kijani, buluu au nyeupe zilitoka kwenye kola na kwenye mikono, kwa kuwa huko ndiko kila kikosi kiliweka rangi yake ya kujitambulisha, na kola haina kitambaa kingi. Ukitazama mfarishi ambamo njano imetumika kwa vipande vidogo sana, vimetawanywa kwa mpangilio kila baada ya nyekundu kadhaa, unatazama mtu aliyekuwa na njano kidogo na akapanga itoshe mpaka pembeni. Hilo ni tatizo la mshairi mwenye vina vigumu. Anaweza kuvitumia vyote ubeti wa kwanza na kufa njaa baadaye, au anaweza kuvigawa.

Kiswahili chetu kina mawazo mawili kuhusu kiraka. Katika siasa ni tusi: katiba ya viraka, sera ya viraka, kumaanisha kazi ya mtu aliyeshindwa kuanza upya. Lakini msikilize mtangazaji wa mpira akimwita mchezaji kiraka. Hapo ni sifa. Ni yule anayecheza beki leo, kiungo kesho, na ukimweka pembeni anakimbia bila kulalamika. Kocha akiwa na viraka wawili analala usingizi. Wahakiki wa kazi za vipande wamekwama kwenye maana ya kwanza, hata wanaposifu. Wanasema: tazama, hawakuwa na kitu, wakaunga unga. Mtangazaji wa mpira ameona mbali zaidi.

Nikiwa bado kwa askari, niseme neno kuhusu wanaume na sindano. Mwaka 1984 Rozsika Parker alichapisha The Subversive Stitch, kitabu kilichoonyesha jinsi kudarizi kulivyotumika Ulaya kuwafundisha wanawake kuwa "wanawake", na jinsi wanawake hao walivyoigeuza sindano ikawasemea. Ni kitabu muhimu na nimekisoma kwa faida. Hata hivyo, kuna mshangao fulani unaojitokeza katika maandishi ya Ulaya kila mwanaume anaposhika sindano, kana kwamba maelezo maalumu yanahitajika: lazima awe mgonjwa, au mfungwa, au mlevi anayejirekebisha. Msomaji wa Zanzibar au Lamu hashangai. Fundi cherehani wa barazani ni mwanaume. Kofia za vito hushonwa kwa mkono na wanawake na wanaume, tundu kwa tundu, na hakuna anayeuliza kijana yule ana jeraha gani. Walker angeketi pale barazani akapewa kahawa na mtu angemkosoa mshono wake.

Njombe, ambako baridi ya Juni haina mzaha, shangazi yangu hufuma sweta na kofia za watoto kwa uzi wa mitumba. Huenda mnadani asubuhi, huchambua sweta moja moja, na huzitazama kwa ndani kabla ya kuzitazama kwa nje. Anatafuta mshono. Sweta ambayo vipande vyake vilifumwa kwa umbo na kuunganishwa kwa uzi inafumuka yote, uzi mmoja mrefu mpaka mwisho. Sweta iliyokatwa kwa mkasi kutoka kitambaa kipana na kupigwa kwa mashine itampa vipande vifupi vifupi vya uzi, takataka tupu. Halafu hung'oa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti: ukinuka nywele zilizoungua ni sufu, ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu ni plastiki. Akifika nyumbani hufumua, huzungushia mgongo wa kiti, huosha na kuanika na kokoto ikining'inia chini, kwa sababu uzi uliofumuliwa hutoka na mawimbi kama nywele zilizofumuliwa baada ya wiki tatu za kusukwa.

Nilimwuliza likizo iliyopita kwa nini asitie rangi, maana nilikuwa nimesoma kuhusu majani na maganda ya vitunguu na nilikuwa na hamu ya kuonekana msomi.

"Shangazi, huoni ungepata rangi unayotaka?"

"Nitie rangi ya nini, mwanangu, na hapa nimechagua tangu saa moja?"

Kisha akanionyesha maruni mbili ambazo kwangu zilikuwa moja. Hii ya sweta za shule fulani, alisema, ikioshwa mara kumi inakuwa kahawia. Hii nyingine inabaki. Huwezi kuziweka bega kwa bega kwenye sweta ya mtoto, kwani mwaka ujao mama yake atakuja kulalamika. Weka nyeupe katikati. Aliyasema hayo bila kuinua macho kutoka kwenye sindano zake, na sidhani kama aliona kwamba amesema jambo.

Maneno hayo nilikwenda nayo chuoni, na ndiyo yaliyonifanya niwasome upya wafumaji wa Diné, watu wa kusini-magharibi mwa Marekani ambao wengi wanawajua kwa jina la Wanavajo. Hawa walifuma, hawakushona, lakini shida yao ilikuwa ile ile ya rangi iliyolipiwa na mwingine. Kondoo wao, wa aina ya churro walioletwa na Wahispania, waliwapa nyeupe na kahawia iliyokoza mpaka ikakaribia weusi. Buluu ya nili waliipata kwa biashara. Kilichokosekana ni nyekundu nzuri. Mimea ya kwao haikuwapa ile nyekundu waliyoitaka, basi katika karne ya 18 na ya 19 waliichukua mahali ilipokuwepo: ndani ya kitambaa cha sufu kilichofumwa Ulaya, sehemu kubwa Uingereza, ambacho Wahispania walikiita bayeta. Walikifumua uzi mmoja mmoja, wakati mwingine wakausokota tena, wakaufuma upya kwenye vitanda vyao vya wima.

Fuata safari ya rangi hiyo. Kochinili inavunwa Mexico, inavuka bahari, inatiwa kwenye sufu ya Uingereza, inavuka bahari kurudi, inapanda kwa misafara kuelekea kaskazini, na huko mwanamke mmoja anakaa chini na kuitoa kutoka kwenye kitambaa ambacho watu wa bara zima jingine walidhani kimekamilika. Yeye hakukiona kimekamilika. Alikiona ni stoo ya rangi.

Sina subira na watu wanaoiita hali hiyo uhaba. Bayeta ilikuwa bidhaa ya gharama, na mablanketi yaliyotoka humo yalikuwa ghali pia. Yalinunuliwa na watu wakubwa wa mataifa mengine ya wenyeji, ndiyo maana wafanyabiashara waliyaita mablanketi ya machifu, ingawa Wadiné wenyewe hawakuwa na machifu wa namna hiyo. Ukiyapanga kwa wakati unaona mawazo yakisonga. Ya mwanzo ni mistari mipana ya nyeupe, kahawia na buluu, na nyekundu, kama ipo, ni mstari mwembamba sana, kama mtu anayejaribu neno jipya kwa sauti ya chini. Baadaye nyekundu inakuwa vibao vya mstatili vilivyokaa ndani ya mistari ya buluu. Baadaye tena yanakuja maumbo ya msambamba, moja katikati, nusu zake pembeni, robo zake kwenye kona, na blanketi likivishwa mabegani mtu, nusu za pembeni zinakutana mbele na kuwa umbo zima. Hiyo ndiyo sehemu ninayoipenda kupita zote katika habari hii. Mfumaji alipanga rangi kwa ajili ya mwili unaosogea, siyo kwa ajili ya ukuta wa makumbusho.

Najua kuna mtu anayesoma hapa na uso umemkunja. Atasema: wewe unazungumza jiometri, na historia je? Mwaka 1864 jeshi la Marekani liliwaswaga maelfu ya Wadiné kwa miguu mpaka Bosque Redondo, baada ya kuwachinjia kondoo na kuwakatia mipichi yao Canyon de Chelly. Hawakurudi kwao mpaka mkataba wa Juni 1868. Na hao askari wa Uingereza unaowasifu kwa njano yao waliivaa nyekundu hiyo India, na kila Mhindi aliyeiona ikija alijua imekuja kufanya nini. Je, kutazama rangi si njia ya kistaarabu ya kutotazama damu?

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwani mhakiki anayesifu mshono wa koti la mkoloni anaweza kujikuta amelipiga pasi koti lenyewe. Ila sioni kwamba huruma imefanya kazi bora zaidi. Masimulizi ya majeruhi wa Crimea yalimpa askari wa dola sura ya mtu mpole anayeshona, na India ikatoweka kabisa kwenye picha. Ni rangi iliyoirudisha. Ukiuliza njano hii imetoka wapi, unafika kwenye kola. Ukiuliza kola ya nani, unafika kwenye kikosi. Kikosi kina orodha ya mahali kilikotumwa. Kwa Wadiné vivyo hivyo. Joe Ben Wheat, mtaalamu wa mambo ya kale aliyefariki mwaka 1997 na ambaye kitabu chake kikubwa kuhusu ufumaji wa huko kilitoka mwaka 2003 chini ya uhariri wa Ann Lane Hedlund, alitumia uchunguzi wa rangi za nyuzi zilizofumuliwa kuyapa mablanketi umri wao. Kuna nyekundu ya kochinili, na kuna ya lac, utomvu wa wadudu wengine wa Asia, na zamani za kila moja si sawa. Kisha zinaingia nyekundu za kiwandani, watoto wa ugunduzi ambao ulianza London mwaka ule ule wa 1856, kijana William Perkin alipopata zambarau ya kwanza ya kemikali. Uhamisho, mgawo wa serikali, nyuzi za dukani baada ya kupoteza kondoo, vyote vimo ndani ya nyekundu. Anayeanza na machozi anakuwa na habari moja tu ya kusimulia. Anayeanza na uzi anazo nyingi, na machozi anayakuta njiani.

Naandika haya katika jarida la insha za maisha halisi, kwa hiyo niseme jinsi linavyotugusa. Sisi tunaoandika humu tunatumia sufu ya zamani. Hatubuni, tunafumua kilichokwisha kuvaliwa, na uzi hutoka na mawimbi yake. Na mnajua kinachotokea mtu akichapisha insha kuhusu msiba au ugonjwa au ndoa ya wazazi wake iliyovunjika. Chini ya kiungo zinajipanga "pole sana dada", "Mungu akutie nguvu", na moja ya "umenitoa machozi". Wanaoandika hivyo wana roho nzuri, na mimi pia nimewahi kuandika pole. Lakini mwandishi huyo alikaa wiki mbili akiamua aanze na jeneza au na sufuria ya wali jikoni, na hakuna mtu mmoja aliyemwuliza kwa nini aliweka sufuria.

Mwaka jana nilipeleka pendekezo la tasnifu kuhusu vitambaa vya kudarizi, vile vinavyofunika makochi na meza, vyenye maua na maneno ya kumkaribisha mgeni. Katika semina mhadhiri mmoja alisema, kwa upole tu, kwamba mada hiyo ni ya sayansi kimu. Mwingine alijaribu kuniokoa: alipendekeza nizungumzie mateso ya wanawake wanaodarizi. Watu walitikisa vichwa kukubali. Ikawa nina milango miwili, wa jikoni na wa matanga, na nilitaka kuingia kwa ule wa sebuleni, ambako kitambaa kimetandikwa ili kitazamwe. Pendekezo bado liko mezani kwa kamati. Nimeongeza sura moja kuhusu uchaguzi wa nyuzi.

Wakati nasubiri, huwa nafungua picha za mablanketi ya Wadiné kwenye kompyuta na kuzikuza. Kwa mbali nyekundu ni moja. Lakini uchunguzi wa maabara umeonyesha kwamba blanketi moja linaweza kubeba nyekundu za asili tofauti, kwani bayeta ya kwanza iliisha na mfumaji akaendelea na nyingine. Hapo alikuwa na la kuamua. Angeweza kubadilisha pale pale uzi ulipoishia, katikati ya umbo, ili jicho lishtuke. Angeweza kuzichanganya mstari kwa mstari. Au angeweza kurudi nyuma, akaihifadhi ile ya kwanza mpaka afike kwenye mpaka wa mstari mweupe, ili nyekundu mbili zisikae bega kwa bega. Jina la mfumaji kwa kawaida halikuandikwa popote. Ninakuza picha mpaka inaanza kuwa miraba, ninatafuta mahali nyekundu ya kwanza inapokoma, na ninatazama ameweka nini pale.